Kuacha pombe kabisa ama kupunguza: gani itakushusha kilo?

Ni mama watoto ndio alihesabu, si mimi. Jumapili asubuhi anafua, anageuza mifuko ya jinzi yangu, vifuniko kumi na moja za bia zikaanguka kwa beseni. Mimi huwa naweka vifuniko mfukoni juu kuna siku bili ilikuja na chupa tatu za meza ingine, tangu hapo nikasema kila chupa ikifunguliwa kifuniko ni yangu, kukiwa na ubishi tunazimwaga kwa meza tunahesabu. Sasa hesabu ilikuwa imemwagika kwa beseni. Tano za Ijumaa, sita za Jumamosi, na kulikuwa na tatu zingine za Jumapili jioni bado zinaningoja. Hakusema kitu. Alizipanga kwa dirisha la jikoni mstari mmoja, akaendelea kufua.

Chupa kumi na nne kwa wiki, basi. Wakati huo nilikuwa kilo 97, na fundi wangu wa nguo pale soko ya Kibuye, hapa Kisumu, alikuwa amenifungulia suruali za kazi kwa nyuma mara mbili, akaniambia omera, kitambaa imeisha hapa, ukirudi tena uje na suruali ingine tukate tuongezee. Hapo ndio nilianza kujiuliza hii swali yenye watu wananiuliza sana siku hizi venye wameona nimepungua: ni lazima uache kabisa, ama unaweza kupunguza tu na kitambi ikaenda? Nimejaribu zote mbili. Nimejaribu pia zile njia za mkato, kubadilisha kinywaji na kufunga mwezi mmoja. Nitaziweka zote hapa, lakini sitazipea nafasi sawa, juu hazistahili nafasi sawa.

Kabla ya yote, elewa pombe inanenepesha aje, la sivyo utachagua vibaya. Gramu moja ya pombe ina kalori 7. Sukari na unga ni 4, mafuta ni 9. Yaani pombe ni jirani ya mafuta, si jirani ya ugali. Chupa ya bia ya nusu lita, ile ya kawaida ya asilimia 4 na kitu, iko na kalori kama 200 hivi, na zaidi ya nusu ya hizo zinatoka kwa pombe yenyewe. Chupa zangu kumi na nne zilikuwa kalori 2,800 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili huwa inahesabiwa kama kalori 7,700, so kwa karatasi bia peke yake ilikuwa na nguvu ya kunipea kilo moja karibu kila wiki tatu. Mwili haufuati karatasi sawasawa, ningekuwa nimeshapasuka, lakini unaona mambo yalikuwa yanaelekea wapi.

Alafu kuna hii watu hawajui. Mwili hauna stoo ya pombe. Sukari inawekwa kwa ini na kwa misuli, mafuta inawekwa pale unajua, lakini pombe ni sumu, lazima ichomwe kwanza itoke. Ini ikishughulika na pombe, kazi ya kuchoma mafuta inapungua sana. Kwa hivyo ile nusu kilo ya nyama choma umekula na bia inapiga foleni, na hiyo foleni inaishia kiunoni.

Na kuna chakula ya saa sita usiku, hii ndio ilikuwa inanimaliza mimi. Nikiwa sijanywa, saa nne nimelala na njaa sina. Nikiwa na chupa tano, tuktuk ikifika Kondele namwambia dere simama hapo kidogo. Chipsi mwitu kwa mfuko ya karatasi imeloa mafuta hadi unaona vidole vyako upande ule mwingine, smokie mbili juu, kachumbari, pilipili, na saa zingine mutura kama yule mzee bado hajafunga. Asubuhi ukiniuliza nilikula nini jana nitakwambia samaki na ugali saa moja, na sidanganyi, hiyo ingine ilikuwa imepotea kwa kumbukumbu.

Sasa twende kwa kupunguza, juu hapo ndio kila mtu huanzia, hata mimi.

Uzuri wa kupunguza ni kwamba hakuna mtu anashtuka, hata wewe mwenyewe. Unabaki na marafiki wako, unaona mechi, hakuna siku ya kutangaza. Na inafanya kazi, nisiseme uongo. Nilijiwekea chupa mbili kila siku ya kunywa, siku tatu, sita kwa wiki, na kwa wiki tano nikapoteza kilo mbili bila kubadilisha kitu ingine. Siri ilikuwa ni ile chipsi ya Kondele, haikuwa sana zile chupa nane nimetoa. Kwa chupa mbili njaa ya usiku haikuji. Inakuja kuanzia ya tatu ya nne hivi, wakati ile sehemu ya kichwa yenye huwa inasema wacha nitakula kesho imeshalala. Presha pia ilianza kushuka kidogo, na hiyo ni kitu inajulikana, mtu wa kunywa sana akipunguza presha huanza kushuka ndani ya wiki chache.

Lakini sasa sikia shida zake. Ya kwanza ni raundi. Mkikaa watano kwa meza na kila mtu anunue raundi, hizo ni chupa tano, ile mbili yako ilikufa kabla hujavuta kiti. Ukikataa ya tatu unaonekana unakwepa kununua yako. Ya pili ni kwamba kupunguza haina kisingizio. Mtu mwenye ameacha anaweza kusema niko kwa dawa, na kwetu hiyo neno ni kama stakabadhi ya serikali, hakuna mtu anauliza dawa ya nini. Sasa wewe uko na chupa mkononi, utasema uko kwa dawa aje? Utaambiwa dawa gani hiyo inakubali mbili inakataa tatu.

Ya tatu ndio kubwa. Yule mtu anaamua mambo ya chupa ya tatu si yule aliamua nyumbani. Wa nyumbani alikuwa amekunywa chai, ameangalia suruali zake kwa kamba, akasema leo ni mbili. Huyu wa baa ako na mbili kichwani na Gor Mahia imefunga goli. Mimi mpango wangu ulivunjika siku ya derby ya Mashemeji, Gor na AFC Leopards, na siwezi kulaumu mtu, asubuhi nilitoa vifuniko nane mfukoni. Na ukishavunja mara moja, wikendi ingine unasema si tayari nilivunja.

Ila kuna watu wanaiweza, usinielewe vibaya. Shemeji yangu wa Kakamega ni mtu wa chupa mbili miaka yote nimemjua. Ya pili ikiisha anafunika glasi na kiganja, hata hakatizi hadithi yenye alikuwa anapiga, weita akikuja na kifungulio anakuta mkono uko hapo. Nilimuuliza anafanyaje akaniangalia kama nimemuuliza anapumua aje. Kwake chupa ya tatu haina sauti. Kama wewe ni huyo, kuacha kabisa ili upunguze kilo unaweza kuwa unajitesa bure, kula kwanza nyumbani ushibe, fika baa ukiwa umechelewa, beba pesa taslimu ya mbili na simu ibaki na bibi, na kila chupa iandamane na glasi ya maji. Kuna hata sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, ile watu huita ya Mututho, ilisema baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, mwisho saa tano usiku. Jointi yenu inaweza kuwa inafungua saa nne asubuhi na pazia imevutwa, hiyo ni yao, lakini wewe unaweza kuifanya iwe saa yako.

Kitu moja kuhusu kupunguza naomba isipite. Kwa upande wa kilo, kidogo ni sawa. Kwa upande wa saratani, shirika la afya duniani, WHO, lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe chenye unaweza kuita salama. Inahusika na saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mkubwa, na matiti kwa wanawake. Huku magharibi na Bonde la Ufa saratani ya umio, ile mtu anaanza kushindwa kumeza ugali, inaonekana sana, na ina sababu nyingi si pombe peke yake, lakini hakuna haja ya kuongezea. So ukichagua kupunguza, jua umechagua hatari ndogo, haijakuwa sufuri.

Njia za mkato sasa, haraka haraka.

Kubadilisha kinywaji. Utasikia bia ndio inaleta kitambi, hamia ya moto, yaani pombe kali. Mimi Desemba moja nilihamia, nikiringa kabisa. Sasa chukua kachupa ka mililita 250, kota, ya asilimia 40. Ndani kuna gramu kama 79 za pombe, hiyo ni kalori karibu 550, sawa na bia karibu tatu. Na nani anakunywa kavu? Unaweka soda, mbili za nusu lita, zingine kalori 400 na ushee. Jumla umekunywa bia karibu tano kwa glasi ndogo, na umezimaliza kwa saa moja. Ukikunywa toti mbili na maji na ndimu, sawa, hapo umeshinda, toti ya mililita 30 ni kalori kama 65 tu. Mimi sijawahi kuona mtu kwa meza yetu akifunga chupa baada ya toti mbili. Ikifunguliwa imefunguliwa.

Keg nayo, ile bia ya pipa, wanasema ni ya mtama so ni kama uji. Ni kweli ni mtama, na tangu kiwanda ya bia ifunguliwe tena hapa Kisumu 2019 wakulima wa huku wamepata mahali pa kuuza, hiyo ni nzuri, lakini ikishakuwa pombe tumbo lako haliulizi ilitoka shamba gani. Busaa hivyo hivyo, mahindi na wimbi, na inashibisha, unakunywa chakula na pombe pamoja. Chang'aa sitaki hata kuiweka kwa ulinganisho. Ikichanganywa na methanoli hutapoteza kilo, utapoteza macho ama maisha, na si ya vichochoroni pekee, Februari 2024 kule Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa na kinywaji walinunua kwa baa.

Kufunga mwezi mmoja. Wengi wetu tunafanya Januari bila kupenda, Njaanuari inakufungia yenyewe, pesa haiko. Mimi nilifanya ya Kwaresima, na nikawa mkali, hata tone. Nikapoteza kilo tatu. Mwezi si kitu ya kudharau, mafuta kwa ini huanza kupungua ndani ya wiki chache tu za kukaa bila pombe, na usingizi unarudi. Shida ya mwezi ni kwamba uko na tarehe ya mwisho, na kichwa kinaihesabu. Jumatatu ya Pasaka nilikunywa kama mtu analipa deni, na kufika Juni zile kilo tatu zilikuwa zimerudi na mgeni mmoja. Faida yake ya kweli niliielewa baadaye, mwezi si dawa, ni kipimo. Unakuonyesha mwili wako ukiwa bila pombe unakaaje, na pia unakuonyesha kama unaweza.

Kuacha kabisa nilianza Julai ya mwaka huohuo, na nikwambie jambo lenye hakuna mtu aliniambia: wiki tatu za kwanza sikupungua hata robo. Niliongeza nusu kilo. Nilikasirika nikataka kurudi, si heri ninywe bia yangu kama ni hivi? Alafu nikakaa chini nikaangalia nakula nini. Soda. Mwili ukikosa pombe unatafuta sukari, na mkono pia umezoea kushika kitu baridi jioni, na hii joto ya Kisumu unaijua. Nilikuwa nakunywa soda mbili za nusu lita kila siku, kila moja na gramu kama 50 za sukari, zingine kalori 400 kwa siku, mara saba ni 2,800. Unaona hiyo namba? Ni ileile. Nilikuwa nimetoa bia kumi na nne nikazirudisha zikiwa na rangi ingine. Na chai ilikuwa imepanda hadi vijiko vinne, na mandazi mbili za saa kumi zenye sikuwa nazo kabla.

Kwa hivyo kama unaacha kwa ajili ya kilo, soda iende nayo, ama angalau isiingie kwa mlango yenye bia imetoka. Mimi niliweka maji baridi na ndimu kwa ileile glasi ya bia, glasi ileile, na chai ya tangawizi bila sukari yenye kwanza ilikuwa na ladha ya adhabu alafu ikakubali. Zile bia hazina kilevi zinasaidia siku ya mechi, kalori zake ni chache kuliko bia ya kawaida lakini si sufuri, na zingine zina pombe kidogo sana ndani, so kama unaacha kwa sababu pombe ilikushinda, hiyo harufu yenyewe inaweza kukurudisha. Juisi za paketi ni soda yenye imevaa suti.

Baada ya kutoa soda mambo yalibadilika. Usingizi ndio ulikuwa wa kwanza. Pombe inakulaza haraka, hiyo ni kweli, lakini nusu ya pili ya usiku inakulipisha, saa tisa uko macho, koo kavu, moyo unapiga. Siku chache za kwanza bila pombe nililala vibaya, nikadhani nimeharibika, kama wiki ya pili hivi nikaanza kulala hadi asubuhi. Na nikaacha kukoroma, ama niseme nikapunguza, mama watoto ndiye shahidi, pombe huwa inalegeza misuli ya koo. Mtu akilala vizuri njaa yake pia inakaa na adabu, hii nimeiona kwa mwili wangu.

Kitu ya pili ni Jumamosi asubuhi. Sikuwa najua kuna Jumamosi asubuhi. Zamani ilikuwa ni hangova, supu, na kutoa loki saa tano, yaani bia ya kuondoa hangova. Sasa nikawa naamka saa kumi na mbili na sina cha kufanya, nikaanza kutembea hadi Dunga, narudi na miguu kabla jua likolee, kwanza nikipumua kama mashini ya posho. Hapo ndio kilo zilianza kushuka kikweli. Miezi minne, kutoka 97 hadi 89. Kiuno, nilipimwa na tepi ya yule fundi wa Kibuye, kutoka sentimita 108 hadi 98. Kwa mwanaume juu ya 94 hatari inaanza, juu ya 102 ni kubwa, kwa mwanamke ni 80 na 88. Kwa hivyo bado niko na safari lakini nimetoka pale pabaya. Tumia tepi kuliko mizani, mizani inadanganywa na maji na chumvi ya omena.

Pesa nitaisema kwa mstari mmoja: chupa 250 kwa jointi yetu, mara kumi na nne, ni 3,500 kwa wiki, na hapo sijaweka tuktuk wala Kondele.

Marafiki je? Hapa kuacha kulinishangaza, nilidhani ndio itakuwa ngumu kuliko kupunguza, ikawa rahisi. Wiki mbili walinicheka, wakasema nimeokoka, mmoja akaniita pasta. Nikasema niko kwa dawa. Wiki ya nne weita akawa ananiletea maji bila kuuliza. Kukataa moja ya kwanza ni mara moja kwa jioni, kukataa ya tatu ni kila dakika kumi hadi mfunge. Wengine wawili hatuonani tena sana, na nikifikiria vizuri sikumbuki tuliwahi kuongea nini. Matanga ndio bado ni kazi. Usiku wa matanga kwetu kikombe kinazunguka na kuna mzee wa ukoo anakupea na mkono wake mwenyewe, huyo humwambii mambo ya kalori. Mimi huwa napokea kwa mikono miwili, nasema asante sana baba, nampea aliye karibu nami.

Sasa unachaguaje? Usianze na kilo, anza na vifuniko. Wikendi tatu mfululizo, kabla utoke nyumbani, sema namba, iandike hata kwa simu. Kila kifuniko kiende mfuko wa kulia. Asubuhi toa, hesabu. Namba ikilingana wikendi zote tatu, hata ile yenye kulikuwa na mechi ama mshahara, wewe ni shemeji yangu, punguza tu na utapungua, polepole, na ufunge mdomo saa za usiku. Isipolingana hata mbili kati ya tatu, usijiambie utajaribu tena ukiwa mkali zaidi, mimi nilijaribu tena nikiwa mkali zaidi, nikapoteza karibu mwaka. Acha. Kuacha ni kugumu mwezi wa kwanza alafu kunanyooka, kupunguza kwa mtu wa aina yangu ni kugumu kila Ijumaa hadi kiama.

Wengine hawana haja ya hii mtihani. Mjamzito, mtu wa shida ya ini ama kongosho, mtu ako kwa dawa kikweli, si ile yangu ya baa, hasa dawa za kisukari zile zinaweza kushusha sukari ghafla, hao ni kuacha tu na kuongea na daktari. Na dada zetu, msipimane na sisi kwa meza, mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume, chupa ileile inampanda zaidi na inamuumiza mapema.

Na kuna mmoja mwenye nataka asifuate kitu yoyote nimesema hapo juu. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mkono unatetemeka hadi chai inamwagika kwa sosa, na inatulia ukionja kidogo, usiache ghafla peke yako nyumbani. Kuna jamaa wa tuktuk stejini kwetu aliacha Jumatatu kwa nguvu za kiume, Jumatano akaanguka kama mtu wa kifafa, bahati ilikuwa mchana na watu wako. Mwili uliozoea ukinyimwa huanza kutetemeka na kutoa jasho ndani ya saa 6 hadi 24, kuanguka kunaweza kuja siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne mtu anaweza kuanza kuona vitu haviko na kuchanganyikiwa kabisa. Watu hufa hapo. Hospitali wana dawa za kukushusha pole pole, na vitamini B1, ni kitu ya siku chache. Hapa kwetu nenda Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi, nani hajui Russia, na laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, ni 1192, kupiga ni bure. Kule Eldoret kuna madaktari walijaribu vikao vya vikundi kwa Kiswahili na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, vikao sita, kimoja kila wiki, mkiongea tu na mtu amefundishwa, na watu wengi walikunywa kidogo kuliko wale hawakupata, kwa hivyo kuongea si mambo ya wazungu. Yule jamaa wa tuktuk ako sawa sai. Anakunywa soda nyingi sana, tutafika huko.

Mimi juzi nilirudi Kibuye, ni Jumapili ile soko imejaa hadi barabarani, fundi ako chini ya mwavuli wake. Nikampea zile suruali alinifungulia, nikamwambia zirudishe. Akazigeuza, akaangalia ule mshono wa nyuma alishona yeye mwenyewe mara mbili, akavuta tepi, akanizungusha kiunoni, akanyamaza. Alafu akaniuliza pole pole kama niko mgonjwa. Nikamwambia hapana omera, niliacha pombe. Akacheka, akakata uzi, akasema kufungua alinifanyia mia moja, lakini kurudisha ni mia mbili.